Taa ya mbele ya LED kwenye pikipiki: nibadili balbu tu au nifunge taa nzima?

Kipofu wa Usiku

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijatupa hela. Nina pikipiki ya cc 150, taa ya mbele ni ile ya duara ya kawaida yenye balbu ya halojeni. Mchana haina neno ila usiku nikishaacha barabara yenye taa nikaingia gizani ni shida tupu, mwanga wa njano umejaa hapo mbele ya tairi basi, shimo naliona nikiwa nishaliingia. Sasa likija gari na fulu zake (taa za mwanga wa mbali) ndo kabisa, nabaki naendesha kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa.

Nimeamua kuweka LED. Tatizo nimepitia matangazo mpaka kichwa kinauma, huyu anakwambia lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 8000, mwingine 20000, kuna zenye chipu pande mbili, pande tatu, pande sita, zenye feni na zisizo na feni, nyeupe, za bluu, zinazobadilika rangi ukizima na kuwasha, halafu kuna hizi za kuondoa taa yote ya zamani unafunga mpya yenye lenzi ndani. Nichukue ipi? Hizo lumeni ni kweli au chai? Betri itastahimili? Na kuna jamaa kaniambia LED kwenye pikipiki ndogo zinapepesa na kufa haraka, ni kweli? Balbu niliyonayo nimeichomoa kuiangalia, ina miguu mitatu, imeandikwa HS1 12V 35/35W.

Fundi Waya

Mkuu umefanya vizuri kusoma maandishi ya balbu, wengi wanakuja na "nataka taa kali" basi. Ila mimi kabla sijakutajia LED yoyote nataka uazime multimita (kile kipimo cha umeme), maana huyo jamaa yako wa kupepesa kasema kweli nusu. Kuna pikipiki ambazo taa ya mbele haichukui umeme kwenye betri, inachukua moja kwa moja kwenye koili ya injini na umeme huo ni AC, yaani unaogeuka mwelekeo kila mara. Halojeni haijali, ni uzi tu unaopata moto. LED inapitisha umeme upande mmoja, kwa hiyo ukiipa AC inawaka na kuzimika kila wimbi linapogeuka, ndo huko kupepesa, na vilele vya volti ukipiga resi vinaiua ile saketi yake ndogo ya ndani mapema sana.

Kujua yako ni ipi, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ikiwaka vizuri, hiyo ni DC ya betri, umeme unaoenda upande mmoja. Kama haiwaki mpaka injini iungurume, halafu bila resi inafifia na ukivuta mafuta inang'aa, hapo una AC karibu kwa hakika. Nasema karibu kwa sababu kuna pikipiki za DC ambazo zimefungwa makusudi taa isiwake mpaka injini iwake, kwa hiyo usiishie kwenye macho, pima. Injini ikiwa inawaka weka multimita kwenye volti za DC uguse waya wa dimu (mwanga wa chini) na wa bodi (hasi, ule unaofungwa kwenye fremu), kisha hamishia kwenye volti za AC. Inayotoa 12 na kitu ndiyo jibu lako.

La pili ambalo watu wengi hawalifanyi, pima volti zinazofika kwenye balbu yenyewe. Pima kwanza kwenye betri, injini ikiwa kwenye resi za kutembea, taa imewashwa, andika pembeni. Halafu pima kwenye plagi ya balbu hivyo hivyo. Sasa sikiliza hapa maana ndipo panapodanganya: plagi iwe imechomekwa na balbu inawaka, ingiza ncha za multimita kwa nyuma ya plagi pale waya zinapoingia. Ukichomoa plagi ukapima hewani, hata waya ulioliwa na kutu umebaki nyuzi mbili utakuonyesha volti zote, kwa sababu hakuna mzigo unaovuta umeme. Mwanga wa halojeni unaanguka kwa kasi kuliko volti, ukipoteza asilimia 10 ya volti njiani umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Mtu anaendesha miaka analaumu balbu kumbe mchawi ni swichi ya mkononi imeota kutu ndani.

Na mwisho toa balbu umulike na tochi ndani, uangalie reflekta, ule uso unaong'aa wa kurudisha mwanga. Ikiwa imepauka, imebabuka au ina ukungu wa moshi, hata uweke LED ya namna gani mwanga hautatoka.

Piga Fulu

Jamani humu mnapenda kufanya mambo yawe magumu. Mimi nimeweka LED ya pande sita, nimechomeka nimewasha basi, barabara nyeupe peee mpaka juu ya miti. Wenye magari wanawasha wanazima kunipigia kelele lakini mimi naona, si ndo lengo? Kama hutaki LED tafuta balbu ya 60/55W ya gari uchomeke, inaingia na inawaka kuliko hiyo 35 yako.

Kioo Safi

Piga Fulu kaka yangu, kama inamulika juu ya miti basi huo mwanga haupo barabarani, na ulilipia wote. Ngoja nimweleze mwenye swali kinachoendelea ndani ya taa maana akikielewa hicho matangazo hayamsumbui tena.

Balbu ya HS1, na ya H4 ile ya magari ni hivyo hivyo, ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Ichukue hiyo uliyoichomoa uitazame kwa karibu. Uzi wa fulu uko nyuma karibu na kitako, uko wazi kila upande. Uzi wa dimu uko mbele yake, na chini yake utaona kikombe kidogo cha chuma kama kijiko. Kile kikombe si pambo. Kinazuia mwanga wa dimu usiguse nusu ya chini ya reflekta, unaangukia nusu ya juu tu, na nusu ya juu kwa vile uzi wenyewe uko mbele kidogo ya kitovu inaurusha mwanga kuelekea chini barabarani. Nusu ya chini ikiguswa na dimu inaurusha mwanga juu, yaani kwenye macho ya anayekuja. Ndo maana ukiweka dimu ukutani unaona mstari, chini kuna mwanga juu giza.

Sasa LED inayoingia humo inatakiwa iige hizo nyuzi, chipu ziwe mahali palepale uzi ulipokuwa, urefu uleule, na ziwe pande mbili tu, moja inaangalia kushoto nyingine kulia kama mkono wa saa kwenye 9 na 3, chipu za dimu ziwe na kinga yake ya chuma kwa chini. Na ubao unaobeba chipu uwe mwembamba, kadiri ulivyo mnene ndivyo chipu zinavyokuwa mbali na kitovu na mwanga unatawanyika. Hizi za pande tatu, nne, sita zimetengenezwa kwa ajili ya picha ya tangazo. Reflekta ilisanifiwa kwa uzi mmoja mwembamba, ukiipa jiwe la taa linalowaka kila upande haijui ifanye nini.

Lumeni nazo ni hesabu ndogo tu. HS1 kiwango chake ni takriban lumeni 825 kwa fulu na 525 kwa dimu. H4 ya gari ya 60/55W ni takriban 1650 na 1000. LED za aina hii, kwa mwanga unaotoka kweli baada ya kupata joto, hesabia kama lumeni 100 kwa kila wati moja, nyingine chini ya hapo. Kwa hiyo anayekwambia lumeni 20000 anakwambia balbu inavuta wati 200 ndani ya taa iliyotengenezewa 35, ingeyeyuka kabla hujatoka getini. Ukiwa na LED ya wati 15 hadi 20 ya kweli una lumeni 1500 na zaidi, hiyo ni karibu mara tatu ya dimu yako ya sasa, unataka nini tena. Ukitaka kuikamata inayodanganya, weka multimita kwenye ampea, ipitishe kwenye waya wake, ampea mara volti ndizo wati. Iliyoandikwa 80W ukapima ukakuta inavuta ampea moja na nusu, basi hiyo ni ya wati 18 au 20, na hiyo kwako ni habari njema.

Fundi Waya

Naongezea kwa Piga Fulu, hiyo 60/55 usimshauri mtu. Joto lake linaivuruga holda ya plastiki na kuichubua reflekta ya taa iliyotengenezewa 35W, na koili ya pikipiki ndogo haina umeme wa kutupa, wati 25 zaidi ni nyingi, betri inashuka polepole mpaka asubuhi moja stata inagoma.

Mama Gia

Naona mafundi wamemaliza upande wa waya, mimi niseme la macho. Mwanangu Piga Fulu, huyo unayempiga mwanga usoni anakuja upande wako na haoni wewe uko wapi, anaona jua tu. Usifikiri analalamika kwa ajili yake peke yake.

Halafu kuna kitu hakisemwi. Taa inayojaza mwanga mwingi hapo mita chache mbele ya tairi inakufanya ujisikie unaona sana, ila macho yanapopata eneo jeupe karibu mboni inasinyaa, na kule mbali mita 50, 60 ambako ndiko hatari inatokea unaona kidogo kuliko mwanzo. Taa nzuri ukiiwasha mara ya kwanza inaweza hata isikufurahishe, hapo karibu inakuwa ya wastani na nguvu yake iko mbali katikati. Ukiwa mwendo wa 60 kwa saa unatembea karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo mwanga wa miguuni haukusaidii kitu, ukiliona shimo hapo umeshachelewa.

Kuhusu rangi, achana na zenye bluu. Zile zilizoandikwa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500 kwenda juu zinaumiza macho ya wenzako na kwenye mvua usiku lami inabaki nyeusi tu huku matone yanakung'aria. Halojeni yako iko kama kelvini 3200, ukichukua ya 4300 mpaka 5500 hivi inatosha, ni nyeupe ya kawaida. Zinazobadilika rangi sizipendi, chipu za rangi mbili zinagombania nafasi moja, kwa hiyo hakuna inayokaa pale uzi ulipokuwa.

Sasa balbu au taa nzima? Mimi nina taa nzima na sirudi nyuma, ila si kila taa nzima. Faida yake ni kwamba chipu na lenzi vimesanifiwa pamoja tangu mwanzo, ile shida ya Kioo Safi ya kuiga uzi haipo kabisa. Kama taa yako ya duara ni ya inchi 7, kama milimita 178, au inchi 5 na robo tatu, milimita 146, una bahati, hivyo ni vipimo vya miaka mingi na taa za kuingia humo ni nyingi. Pima kioo chenyewe bila ile ringi ya kromu. Kama si kati ya hivyo viwili utaanza kukata na kutoboa, na mimi hapo ningerudi kwenye balbu. Pima na kina pia, maana taa nyingi za LED zina mapezi ya kupozea kwa nyuma na pikipiki zetu waya zote zimesongamana ndani ya ile bakuli ya taa, unafika kufunga haiingii.

Angalia alama kwenye kioo. Herufi E na namba ndani ya duara maana yake imepimwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa, namba ni ya nchi iliyoidhinisha tu, E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, haimaanishi ubora umepanda au umeshuka. Za Marekani zinaandikwa DOT. Angalia na mshale. Taa zenye mwanga wa dimu uliopanda upande mmoja zimetengenezwa kwa upande wa barabara, ukiwa umesimama mbele ya pikipiki unaitazama taa, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni taa ya nchi wanaoendesha kushoto, isiyo na mshale ni ya wanaoendesha kulia, na mshale wa pande mbili inafaa kote. Ukikosea hapo ule upande uliopanda unamwangalia anayekuja, na hakuna marekebisho yatakayokuokoa. Taa nyingi za pikipiki dimu yake ni ya mstari ulionyooka tu, hizo hazina tatizo hilo.

Kioo Safi

Hapo kwenye alama ya E nimkumbushe mtu mmoja kitu. Kwenye balbu za LED utakuta E imepigwa na muuzaji anaishikilia kama cheti cha ndoa, lakini ukisoma pembeni yake kumeandikwa 10R. Hiyo ni kanuni ya 10, inahusu chombo kisivuruge redio na vifaa vingine vya umeme, haisemi chochote kuhusu mwanga unaangukia wapi. Kisheria taa ya halojeni iliidhinishwa pamoja na balbu ya halojeni, kwa hiyo nchi nyingi kuweka LED humo ni kosa au kunakutoa kwenye ukaguzi. Ujerumani tangu 2020 wameruhusu baadhi ya balbu za LED, ila ni kwa taa na modeli zilizotajwa kwenye orodha, si yoyote uliyookota. Soma ya kwenu kabla hujanunua.

Kipofu wa Usiku

Aisee asanteni sana, nimejifunza zaidi ya nilivyouliza. Nimeazima multimita nimepima kama Fundi Waya alivyosema. Taa inawaka bila injini na kwenye plagi ni DC. Kwenye betri kwa resi za kutembea nimepata 13.9. Kwenye plagi ya dimu, ikiwa imechomekwa, 12.4. Reflekta inang'aa haina shida. Kioo nimepima ni kidogo kuliko vipimo vyote viwili vya Mama Gia, kwa hiyo taa nzima naona imenipita. Sasa hiyo volti moja na nusu imeenda wapi?

Fundi Waya

Ndo hiyo sasa. 13.9 kwenye betri ni safi, chaji iko ndani ya 13.5 na 14.5 inapotakiwa, koili na reguleta (kinachodhibiti chaji) viko sawa. Lakini umepoteza karibu asilimia 11 njiani, maana yake karibu theluthi ya mwanga wako inapotea.

Itafute kwa vipande. Multimita kwenye volti, taa inawaka, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye waya wa bodi wa plagi ya taa. Ukipata zaidi ya 0.2 hivi, kuna tatizo la bodi, fungua ile nati inayoshika waya wa bodi kwenye fremu, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga. Kisha ncha moja kwenye chanya ya betri nyingine kwenye waya wa dimu wa plagi. Huko ndiko utakuta sehemu kubwa, na hapo katikati kuna swichi ya funguo, swichi ya mkononi na viungio viwili vitatu. Swichi ya mkononi ifungue juu ya kitambaa maana kuna kispringi na kigololi kinaruka kikipotea umekwisha, safisha vile vishikizo vya shaba kwa msasa laini.

Ukitaka kumaliza kabisa funga rilei, swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mguu 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi, 87 unaenda kwenye taa, 85 unaenda bodi, 86 unaupa ule waya wa zamani wa dimu uwe wa kuamsha tu. Rilei nyingine kwa fulu. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha sana. Fyuzi iweke karibu na betri kadiri unavyoweza, si karibu na taa, kwa sababu waya ukichubuka katikati unataka umeme uwe umeshapita kwenye fyuzi kabla ya hapo.

Kipofu wa Usiku

Sawa mkuu, swali la kizembe: nikiweka LED si haitahitaji rilei? Maana inavuta kidogo.

Fundi Waya

Si la kizembe hata kidogo, umefikiri vizuri. LED ya wati 18 inavuta ampea moja na kitu badala ya karibu tatu, kwa hiyo volti zinazopotea kwenye waya zinapungua zenyewe karibu nusu, na LED nzuri ina saketi inayoshikilia mkondo uleule hata volti zikishuka kidogo. Ndo maana wengine wanaweka LED wanaona muujiza, kumbe sehemu ya muujiza ni kwamba waya wao mbovu umepunguziwa mzigo. Rilei kwa LED unaweza kuiacha. Bodi na swichi safisha hata hivyo, kutu haisimami.

Mimi ningekuwa wewe ningesafisha kwanza, nikaendesha usiku na halojeni hiyohiyo, nikaona. Theluthi ya mwanga kurudi si kitu kidogo. Ikitosha basi imetosha.

Kijana wa Nyuma

Samahani nadandia mada, mimi yangu ni AC, inafifia nikisimama. Ndo nimekosa LED moja kwa moja?

Fundi Waya

Hujakosa. Njia ya kwanza, hamishia taa kwenye betri kwa rilei na fyuzi kama nilivyoeleza hapo juu, ila baada ya kufunga pima betri ukiwa kwenye resi za kutembea na taa imewaka. Ikikaa 13.5 au zaidi poa. Ikikaa 12.7 kwenda chini inamaanisha betri inaliwa polepole, upande wa kuchaji kwenye pikipiki za namna hiyo huwa ni mdogo. LED ya wati chache inaweza kuishi humo, halojeni ya 35 mara nyingi haiwezi. Njia ya pili ni kuweka daraja la dayodi nne na kapasita kati ya waya wa AC na LED, inageuza kuwa DC, ila hasi ya LED isiguse bodi hapo, iende kwenye daraja tu, ukigusisha unaunguza dayodi. Na kwa resi ndogo bado inaweza kupepesa kidogo. Ya tatu ni kubadili koili na reguleta ziwe za mawimbi yote, hiyo ni kazi ya kufungua upande wa injini, mpe fundi anayeijua.

Piga Fulu

Haya basi nimewasikia, ila hii yangu nishainunua. Naweza kuigeuzageuza isimulike miti?

Kioo Safi

Jaribu, hupotezi kitu. Na mwenye mada asome hapa pia maana hivi ndivyo utakavyoipima yako ikifika.

Kagua upepo wa tairi kwanza, halafu simamisha pikipiki kwenye sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, wewe ukiwa umeikalia, na kama kawaida unabeba mtu au mzigo basi awepo. Pima kutoka chini mpaka katikati ya taa, weka alama ukutani kwa chaki kimo hichohicho. Washa dimu ya halojeni ya zamani. Ule mstari wa kukata mwanga unatakiwa uwe chini ya alama yako kama sentimita 10 hadi 15, usipokuwa hivyo rekebisha kwa ile bolti ya taa. Sasa uchore mstari wenyewe ulivyo kwa chaki, pamoja na pale palipong'aa zaidi.

Usiguse kitu kingine, toa halojeni weka LED, washa. Unatafuta mstari uleule, umbo lilelile, ila kukiwa na mwanga zaidi chini yake. Ukiona mwanga umemwagika juu ya mstari, angalia chipu zimelala kushoto na kulia au zimesimama juu na chini, LED nzuri zina kola (pete ya kitako) unayoweza kuilegeza na kuizungusha kidogo. Zungusha polepole taa inawaka uone mstari unavyojijenga, kuna mahali utaona unakuwa mkali ghafla, simama hapo kaza. Kisha piga fulu, kitovu chake kinatakiwa kipande juu kikae karibu na alama ya chaki katikati, si kuwa doa jeusi katikati na pete ya mwanga pembeni, hiyo ni dalili chipu za fulu haziko mahali pake.

Kama umezungusha kote na bado mwanga uko juu, usiinamishe taa nzima kuficha kosa. Ukiinamisha unaua mwanga wa mbali na wa juu haupotei wote. Irudishe ilikotoka. Piga Fulu yako ya pande sita nakuambia tu mapema, haina upande wa kulala.

Mama Gia

Na mpira wa nyuma ya balbu msiukate! Naona watu wanaukata ili mapezi yatoke, mvua ya kwanza maji yanaingia, reflekta inaanza kupauka kwa ndani na haiponi. Tafuteni balbu ambayo kitako chake kinapita kwenye huo mpira ukaziba.

Feni pia, kwa pikipiki naziogopa. Vumbi, matope na mtikisiko, feni ndogo ile ikikwama chipu zinapata moto, nzuri zinajipunguza mwanga zenyewe, mbovu zinaungua. Kwa wati zisizozidi 20 kuna zenye mapezi ya alumini tu au nyuzi za shaba zilizosukwa za kutoa joto, hizo hazina cha kukwama. Muhimu ile bakuli ya taa isiwe imejazwa waya mpaka inabana mapezi, zipange waya zipite pembeni.

Kipofu wa Usiku

Wakuu nimesafisha bodi na swichi (kigololi kiliruka kweli lakini nilikuwa nimetandika kitambaa). Kwenye plagi sasa napata 13.3. Usiku tofauti ipo kubwa tu, dimu sasa inafika mbali na ule unjano umepungua. Lakini LED bado naitaka, nitachukua ya pande mbili, ubao mwembamba, isiyo na feni, wati 18, kelvini 5000, yenye kola ya kuzunguka, na nimeshaangalia inapita kwenye mpira. Kitu kimoja cha mwisho, nimesoma mahali ukiweka LED ile taa ndogo ya bluu ya fulu kwenye dashibodi inaweza kubaki inawaka hata ukiwa dimu. Hiyo inatoka wapi?

Fundi Waya

Inatokea kwenye baadhi, hasa zile ambazo chanya inafika kwenye balbu muda wote na swichi inakata upande wa hasi. Taa ya bluu inapata njia ya umeme kupitia saketi ya LED ambako uzi wa halojeni ungeipa njia nyingine, inabaki inawaka hafifu. Haina madhara ila inakera, na huwezi kujua uko fulu au dimu. Pima kwenye plagi ukiwa umechomoa: waya mmoja ukiupima na bodi ukakuta 12 muda wote, ukihamisha swichi hauzimiki, wewe ni wa aina hiyo. Hapo hakikisha LED unayonunua imeandikwa inafanya kazi aina zote mbili, la sivyo inaweza hata isiwake kabisa ukadhani umeuziwa mbovu. Kwa pikipiki ya 150 kama yako mara nyingi swichi inakata chanya, lakini ni dakika moja tu, pima.

Kipofu wa Usiku

Nimepima, inakata chanya. Naagiza leo.

Mama Gia

Halojeni ya zamani ifunge kwenye kitambaa uiweke chini ya kiti, usiishike kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaipasua ikipata moto.